Paka dume anachuchumaa na mkojo hautoki, hilo si tatizo la choo

Marahaba dada yangu, na pole sana kwa usiku ule.

Kwa wengine watakaosoma hapa niwape picha kidogo. Dada yetu yuko Tanga, ana paka dume anaitwa Pamba, miaka minne, kahasiwa, kilo sita, anakaa ndani muda wote na anakula zile bisikuti za mfuko. Jumatatu kaanza kwenda kwenye beseni lake la mchanga kila baada ya dakika chache, anachuchumaa, analia, anatoka hamna kitu. Jirani akasema huyo kafunga choo mpe mafuta ya kula, akampa vijiko viwili. Jumanne mchana akampa na maji ya dafu sababu alisikia dafu linasafisha njia ya mkojo. Jioni Pamba katapika, kajificha chini ya kitanda hataki kuguswa, ndo dada akaniandikia anauliza ampe Panadol nusu au robo ili wasukume mpaka asubuhi. Nikamjibu usimpe, mbebe saa hii hii. Kampeleka, kawekewa mpira wa mkojo, dripu, na leo yuko macho na kaanza kula. Sasa ananiuliza imekuwaje paka mzima afike pale ndani ya siku mbili, je itarudi tena, na kwa nini nilikuwa mkali vile kuhusu Panadol.

Nianze na hilo la siku mbili manake ndo watu wengi wanapoteza paka wao hapo.

Paka dume njia yake ya mkojo ni nyembamba mno, kule mwishoni kabisa kwenye uume upana wake ni kama milimita moja tu. Jike njia yake ni fupi na pana ndo maana jike anaweza kuugua kibofu, akakojoa damu, akachuchumaa kila mahali mpaka kwenye sinki, lakini kuziba kabisa kwake ni nadra sana. Kwa dume inatosha kitu kidogo, ute uliochanganyika na seli na chembechembe za madini zinakuwa kama uji mzito au kama dawa ya meno, unaganda pale mwishoni, basi bomba limefungwa. Wakati mwingine ni kijiwe. Wakati mwingine hamna hata kijiwe wala uji, njia yenyewe imevimba na misuli imekaza mpaka ikajifunga.

Sasa figo hazijui kwamba chini kumefungwa, zinaendelea kutengeneza mkojo. Kibofu kinajaa, kinatanuka, kinakuwa kigumu kama chungwa. Kikishajaa presha inarudi nyuma mpaka kwenye figo zenyewe, na kuanzia hapo zinashindwa kuchuja. Uchafu uliotakiwa utoke nje unabaki kwenye damu. Ndo ule utapishi uliouona Jumanne, ile ilikuwa sumu ya mkojo imeanza kupanda, wala haikuwa tumbo.

Na kinachoua haraka zaidi ni potasiamu. Hii ni madini ya kawaida kabisa mwilini, kila siku figo zinatoa ya ziada, zikisimama inapanda kwenye damu na ikipanda sana moyo unaanza kupiga polepole. Moyo wa paka akiwa mezani kwa daktari unapiga mara 140 mpaka 220 kwa dakika. Ukimsikiliza paka anayeumwa, mwenye hofu, halafu unakuta moyo unapiga 100 au chini ya hapo, hiyo ndo sauti inayonitisha mimi kuliko damu. Ndo maana unaweza kukuta daktari anamchoma kwanza dawa ya kalsiamu ya kulinda moyo, au insulini pamoja na glukosi ili kuisukuma potasiamu iingie ndani ya seli, kabla hata hajagusa mpira. Mwenye paka anaona kama daktari anapoteza muda, kumbe akimlaza kwa nusu kaputi na moyo uko vile anaweza asiamke.

Kwahiyo lile dafu dada, najua lilitoka kwenye mapenzi, na Pwani yote sisi tumekua tukiambiwa dafu ni dawa ya mkojo. Lakini dafu limejaa potasiamu. Kwa mtu mwenye figo zinazofanya kazi hamna shida, kwa paka aliyeziba unamwongezea kile kile kinachomwua, na maji yenyewe unayaongeza kwenye kibofu ambacho hakina pa kutolea. Na mafuta ya kula nayo, paka akilazimishwa kumeza anakohoa, mafuta yakienda njia ya hewa yanaingia kwenye mapafu na huko hayatoki, unamtengenezea nimonia. Pamba alinusurika yote mawili, nashukuru sana.

Ukihesabu tangu azibe kabisa, ana kama siku mbili mpaka tatu za kuishi, na siku ya mwisho katika hizo anakuwa amelala tu kimya, amepoa mwili. Kimya hicho kinawadanganya watu wanadhani kapata nafuu kwa sababu kaacha kulia.

Niliwahi kudanganyika na mimi nikiwa mgeni kwenye kazi. Mzee mmoja alinipigia simu dume lake linajikamua halitoi kitu, mimi nikamuuliza anakula nini, akasema ugali na mifupa ya samaki, nikakimbilia kusema hiyo ni choo, mchemshie boga mpe. Sikumuuliza swali moja tu, lini mara ya mwisho umeona mkojo wake. Alimleta siku ya tatu kwenye kikapu cha ukili, baridi, moyo unapiga kama wa mtu aliyelala, na hatukuweza kumrudisha. Tangu siku ile mtu akinipigia kuhusu dume hilo ndo swali langu la kwanza, kabla ya jina.

Basi unajuaje kama ni choo au mkojo, manake mkao unafanana kweli kweli, simlaumu jirani yako. Mtoe kwenye mchanga umweke kwenye beseni kavu la plastiki au sakafu ya tailizi, mwangalie. Akichuchumaa chini kabisa mgongo umenyooka, anakaa muda mrefu, kinatoka tone moja la pinki au hakitoki kitu, anageuka kujilamba uume, anarudi tena baada ya dakika mbili, huyo ni mkojo. Wa choo naye anasukuma ila mara nyingi utaona mkojo wake upo kama kawaida. Ukitaka uhakika mshike taratibu mkono mmoja chini ya tumbo mbele tu ya miguu ya nyuma. Kibofu cha kawaida ni kama puto lenye maji kidogo, kinakwepa vidole. Kilichoziba ni mpira mgumu, na akiguswa tu anang'aka au anauma. USIKIBONYEZE ukidhani utamkamua, kinaweza kupasuka ndani. Ukikigusa na ni kigumu umeshapata jibu lako, tafuta kikapu. Na ukiwa hujui kabisa, chukulia ni mkojo. Ukifika kwa daktari ikawa ni choo umepoteza nauli tu.

Hapa niseme kitu kwa walioko wilayani, sababu najua madaktari wengi wa mifugo huko kazi yao ya kila siku ni ng'ombe, mbuzi na kuku, na mpira wa paka hawana. Ule mpira wa kulishia watoto njiti, wa saizi 3.5 au 5, unaopatikana hospitali za watu na kwenye maduka ya vifaa tiba, unaingia kwa paka dume na wengi tumeutumia. Ukimpigia daktari simu muulize kabisa kama anao, kama hana utafute wewe njiani. Na kama mpira haupatikani usiku ule kabisa, daktari anaweza kuingiza sindano nyembamba kupitia tumboni akavuta mkojo kwenye kibofu, hiyo haiondoi kizibo lakini inampunguzia presha na inawapa masaa ya kusafiri kwenda mjini. Ila hiyo ni kazi ya daktari mwenyewe, tafadhali mtu asijaribu nyumbani.

Anayefika mapema na akahudumiwa vizuri uwezekano wa kupona ni mkubwa, zaidi ya tisa kati ya kumi wanarudi nyumbani.

Haya, Panadol.

Dada nilikuwa mkali kwa sababu nimeona paka wengi waliokufa kwa Panadol kuliko kwa ule ugonjwa wenyewe uliofanya wapewe Panadol. Ini la mtu lina kimeng'enya kinachoifunga paracetamol, yaani dawa yenyewe iliyomo kwenye Panadol, na kuitoa nje kupitia mkojo. Paka hicho kimeng'enya karibu hana, kaumbwa hivyo, ukoo wake ni wa walaji nyama na mwili wake haukuhitaji mashine ya kusafisha vitu vya aina hiyo. Kwahiyo dawa inageukia njia nyingine na inakuwa sumu inayoshambulia chembe nyekundu za damu. Damu inabadilika inakuwa ya kahawia na haiwezi tena kubeba hewa. Ukimfungua mdomo fizi zimekuwa rangi ya kahawa au za bluu, anahema juu juu, uso unavimba, miguu ya mbele inavimba.

Tupige hesabu ya Pamba. Kidonge kimoja ni miligramu 500. Robo yake ni 125, gawanya kwa kilo zake sita unapata zaidi ya 20 kwa kila kilo. Madhara kwa paka yanaanza kuonekana hata kwenye 10 kwa kilo. Yaani ile robo uliyodhani ni kidogo ilikuwa mara mbili ya kiasi cha kumdhuru, na hiyo nusu ni mara nne, tena kwa paka ambaye figo zimesimama. Hakuna kipande cha Panadol kidogo kiasi cha kumfaa paka. Na dawa nyingi za mafua za mchanganyiko zina hiyo hiyo paracetamol ndani. Diclofenac na ibuprofen nazo hapana, zenyewe zinaharibu figo na kutoboa tumbo.

Kama kuna mtu anasoma hapa na ameshampa paka wake, usisubiri uone dalili. Dawa ya kupambana na sumu hiyo ipo, inaitwa asetilisisteini, ni ile ile inayotumika kwa watu waliomeza paracetamol nyingi, kwahiyo daktari wa mifugo asipokuwa nayo aulizie famasi kubwa au hospitali. Inasaidia zaidi masaa ya mwanzo. Na mwambie daktari ukweli, tafadhali, watu wanaona aibu wanaficha na sisi tunapoteza saa nzima tunatafuta sababu.

Kwenye hilo hilo la chembe nyekundu, kitunguu maji na kitunguu saumu vinafanya uharibifu unaofanana kwa paka, hata vikiwa vimepikwa. Kwahiyo ule mchuzi wa samaki uliobaki usimmwagie kwenye bakuli lake.

Sasa swali ambalo naona linakukosesha usingizi, je itarudi. Sitakuficha, inaweza kurudi, na wengi wanaorudi wanarudi wiki chache za mwanzo. Ila kuna mengi ya kufanya na mengi yake ni ya bure.

Kwanza maji. Mzee wa ukoo wa paka wote wa nyumbani ni paka mwitu wa Afrika, ambaye mpaka leo anaishi hata kwenye nyika zetu hapa. Yule maji yake anayapata kwenye mawindo, panya ana maji karibu asilimia 70. Kiu yake ni ndogo na figo zake zinakamua mkojo unakuwa mzito sana. Paka wetu amerithi figo hizo hizo na kiu hiyo hiyo ndogo, halafu sisi tunampa bisikuti zenye maji asilimia 10 hivi. Pamba kwa siku anahitaji kama mililita 300 ukijumlisha anachokunywa na kilicho kwenye chakula, kwa bisikuti peke yake hafikii, mkojo unakuwa mzito na madini yanagandana. Chakula cha kopo kina maji asilimia 75 na zaidi, ila najua bei yake, sitakwambia umlishe kopo kila siku kama huwezi. Chemsha samaki au kuku kwa maji mengi bila chumvi bila kitunguu, mpe na supu yake. Bisikuti ziloweke kwa maji ya vuguvugu mpaka ziwe laini, mwanzoni anaweza kususa, anza na maji kidogo uongeze siku hadi siku. Weka bakuli za maji sehemu tatu nne za nyumba, mbali na chakula na mbali na mchanga, badilisha kila asubuhi.

Dagaa wakavu wanaulizwa sana. Kwa paka aliyewahi kuziba nisingempa kila siku, wanaliwa na mifupa yao yote kwahiyo fosforasi na magnesi ni nyingi na hizo ndo zinazojenga aina moja ya vijiwe, inaitwa struviti. Mara moja moja, wakiwa wameoshwa na kuchemshwa kwa maji mengi, sawa. Ila usije ukaenda upande mwingine ukampa ugali na supu tu, paka anahitaji nyama au samaki, bila taurini iliyoko kwenye nyama macho na moyo vinaharibika.

Kama daktari wako alihifadhi mkojo au kijiwe muulize ni aina gani. Struviti inaweza kuyeyushwa kwa chakula maalumu ndani ya wiki kadhaa. Kijiwe cha oksaleti hakiyeyuki kwa chakula chochote, kinatolewa kwa upasuaji. Ukinunua chakula cha "urinary" kwa kubahatisha bila kujua aina unaweza ukatumia pesa nyingi bure.

Halafu kuna hili ambalo watu wakilisikia wanadhani natania. Kwa paka vijana wenye shida ya kibofu, zaidi ya nusu ukiwapima hukuti bakteria wala kijiwe. Kibofu kinawaka chenyewe tu na kinachokiwasha mara nyingi ni stresi. Daktari mmoja anaitwa Tony Buffington, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Ohio State kule Marekani, amelifanyia kazi jambo hili miaka mingi, na alichoonyesha ni kwamba paka hawa ukiwatengenezea mazingira ya nyumbani yakatulia, kibofu nacho kinatulia. Ndo maana sipendi paka kijana anakojoa damu anapewa Flagyl au amoksilini siku tano basi, akipata nafuu watu wanasema dawa imefanya kazi, kumbe hali hii hutulia yenyewe baada ya wiki moja hivi na inarudi baadaye. Bakteria ni jambo la paka wazee zaidi, waliopita miaka 10.

Uliniandikia, tena kama kitu cha pembeni tu, kwamba mwezi huu mafundi wako nyumbani wanavunja jiko na kwamba kuna dume la mtaani linakaa dirishani usiku. Dada, kwangu hicho ndo kitu kikubwa kuliko vyote ulivyoniandikia. Pamba hana pa kukimbilia, nyundo mchana, adui usiku, na beseni lake la mchanga liko kwenye korido wanapopita mafundi. Mpe chumba kimoja wasichoingia watu, weka humo mchanga, maji, boksi la kujificha na kitu kirefu cha kupanda juu. Ziba lile dirisha kwa chini na pazia au karatasi asimwone yule mwenzake. Ongeza beseni la pili, kanuni yetu ni idadi ya paka ongeza moja, na uchafu utolewe kila siku, paka akikuta pachafu anaubana mkojo na kuubana ndo tusichokitaka. Jioni mvutie kamba akimbie dakika kumi, kilo sita ni nyingi kwa mwili wake na unene peke yake unaongeza hatari.

Na wale waliokwambia ni kwa sababu ulimhasi, achana nao. Ni kweli wengi wanaoziba wamehasiwa, ila kuhasiwa hakuzibi njia, paka aliyehasiwa ananenepa na anakaa ndani, na hilo unaweza kulisimamia. Asiyehasiwa anazurura, anapigana, anarudi na majipu na virusi vinavyoshusha kinga ya mwili, vinavyoambukizwa kwa kung'atwa.

Pamba akirudi nyumbani, siku mbili tatu za kwanza atakunywa sana na kukojoa sana, figo zinajisafisha, usimnyime maji. Rangi ya pinki kwenye mkojo kwa siku chache inategemewa. Kisichotegemewa ni kutapika, kususa chakula siku nzima, au masaa 12 bila mkojo wowote, hapo unarudi bila kunipigia kwanza. Wiki hizi mbili tumia mchanga mkavu kabisa, mwembamba tu chini ya beseni, ili uone kila sehemu iliyolowa, na uandike kwenye karatasi ukutani saa na ukubwa. Mara mbili mpaka nne kwa siku, mabaka makubwa ya ukubwa wa kiganja, tuko sawa. Vitone vidogo vidogo vingi, hatuko sawa hata kama anakula na kucheza.

Na kama ataziba tena na tena pamoja na yote haya, kuna upasuaji wa kuondoa ile sehemu nyembamba ya mwisho na kumfungulia njia pana zaidi, wanaishi nao vizuri miaka mingi. Hatujafika huko. Kesho nitumie picha ya ile karatasi ya ukutani.